Kanzu Iliyorudi Safi

Sokomuhogo, Mjini
9 Februari 1955

Shangazi yangu Bi Kazija,

Shikamoo. Nakuombea barua hii ikukute umekaa kitako, huna homa wala mgongo haukuumi. Sisi huku wazima. Shaame alikuwa na mafua, sasa hajambo. Mjini joto halisemeki, na maji ya mfereji tunagombania na watu wa chini tangu adhana ya alfajiri. Muhogo ulionipa kwa mkono wa Mcha wa gari la shamba ulifika siku ile ile, nao ulikuwa laini kama mkate. Tangu baba afariki sijaja Makunduchi hata mara moja. Najua hunilaumu kwa mdomo.

Nina swali, la nguo tu. Unajua mume wangu ni karani wa forodha na hapendi nguo yake iwe na hata kivuli. Simpi dobi, namfulia mwenyewe. Natia buluu, natia kanji, napiga pasi mpaka kanzu inataka kusimama peke yake. Sasa Jumapili alirudi na doa pajani, kiasi cha ukucha, jeusi lenye usamawati. Nikamuuliza ni nini.

"Wino," akasema. "Wa ofisini."

Nikaroweka katika maziwa yaliyochacha kama tunavyofanya kwa wino. Halikutoka. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba doa lilipenya mpaka kwenye kikoi cha ndani, na huko kwenye kikoi si jeusi, ni kahawia, kama chai ya rangi. Wino gani unakuwa mweusi juu na kahawia chini? Tena ofisini Shaame havai kanzu, huvaa suruali na shati. Na Jumapili ofisi imefungwa.

Jumamosi akitoka kazini mchana huniambia anakwenda Mtoni, yeye na rafiki yake wanatafuta kiwanja, na analala huko huko. Hii ni mara ya sita tangu mwaka jana. Kiwanja gani hakipatikani?

Nieleze doa hili linatokaje. Hayo mengine nimesema tu.

Mwanao,
Wanu binti Jecha


Makunduchi
20 Februari 1955

Mwanangu Wanu,

Marahaba. Barua yako imefika na nimeisoma mwenyewe, ingawa macho yangu siku hizi herufi ndogo yanaziruka. Sisi wazima. Mbuzi amezaa wawili, mmoja hakuishi. Upepo umeng'oa makuti ya jikoni, lakini nshapata mtu wa kuyarudisha.

Doa lako lisikutishe. Chukua ndimu mbivu, ikamue juu ya doa nguo ikiwa kavu, kabla ya maji na kabla ya sabuni. Ngoja kidogo tu, kisha suuza kwa maji baridi. Kikoi nacho fanya hivyo hivyo. Usichemshe. Likishatoka ndio ufue kama desturi yako.

Na mume usimhoji kila akivuka kizingiti. Mwanamume ana mambo ya kazi ambayo hayaelezi vizuri hata akitaka.

Usiku nikiwa nasali nakuombea. Wasalimie majirani.

Shangazi yako,
Kazija


Sokomuhogo, Mjini
7 Machi 1955

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa mbuzi. Huku mvua zimeanza kuchungulia, nguo juu ya dari haziishi kuanuliwa na kuanikwa tena. Bi Sichana wa chini amepata mjukuu, nyumba nzima inanuka uvumba.

Nilifanya ulivyosema. Ndimu ilipogusa tu, doa likaondoka mbele ya macho yangu kama limeitwa jina. La kahawia nalo. Nilikaa na ile kanzu mapajani nikashangaa, kwanza kwa furaha. Halafu furaha ikaisha. Maana shangazi, hukuniuliza ni doa la nini. Nilikuandikia kwamba si wino, na wewe hukusema ni nini, ukaenda moja kwa moja kwenye ndimu. Nimewauliza wanawake watatu hapa mtaani, hata mmoja hajapata kuona doa lenye rangi mbili. Wewe umelijuaje?

Jumapili ya jana amerudi na jengine. Safari hii ni mafuta, begani, ya nazi yaliyotiwa kitu cha kunukia, yameenea kama mtu aliyeegemeza kichwa akakaa. Na katika kola nimekuta unywele. Urefu wake unatoka kiwikoni mpaka kiganjani. Umepakwa hina.

Nikamuuliza mafuta ni ya nani. Akasema, "Nimepita kwa kinyozi."

Nikamwonesha unywele. "Na huyu naye kanyolewa?"

Akatazama dirishani. Shaame akidanganya hanitazami. Hilo nimelijua tangu mwaka wa kwanza. Akasema, "Wanu, niache kidogo," na sauti yake haikuwa ya ukali. Afadhali angekuwa mkali.

Bi Sichana anasema kila mke wa mjini ana mwenzake shamba, ila wengine hawajaambiwa. Unywele nimeufunga ndani ya karatasi, nimeuweka ndani ya msahafu wangu wa zamani.

Wanu


Makunduchi
27 Machi 1955

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa kuwa nilikuwa na mgonjwa. Sasa kidogo nafuu.

Mafuta: saga chaki, ipake begani, uiache kutwa, uikung'ute. Rudia mpaka chaki isibadilike rangi. Kisha maji ya moto na sabuni ya kipande, usugue kwa ndani na si kwa nje.

Unywele utoe ndani ya msahafu. Hapo si mahali pake.

Unaniuliza nimelijuaje doa. Nimeishi miaka mingi na nimeona nguo nyingi. Wanu, nakuomba kitu kimoja. Siku moja niliona nguo imeanikwa uani kwa mtu, nikadhani kwa kuiona nimeona kila kitu. Sitaki wewe uwe kama mimi. Ngoja.

Kazija


Sokomuhogo, Mjini
18 Aprili 1955

Shangazi,

Shikamoo. Mgonjwa gani? Katika barua zako zote za nyuma hukutaja mgonjwa. Nyumba yako ina vyumba viwili na wewe ni mmoja.

Mvua hapa ni ya kutwa, na Ramadhani imefika mlangoni. Nitakwambia mambo mawili kisha nitanyamaza.

La kwanza. Jumamosi iliyopita Shaame aliondoka na kanzu yenye mchirizi wa tope nyuma, alirushiwa na gari pale Darajani akitoka kusali. Nilimwambia aivue, akasema anachelewa. Jana amerudi nayo safi. Si kupanguswa, imefuliwa. Imetiwa buluu kwa kipimo kizuri kuliko changu, na upindo wa chini uliokuwa umefumuka umeshonwa kwa uzi mwembamba, mishono midogo midogo ambayo lazima uitafute ndipo uione. Nimefua kanzu za mume wangu miaka minne, na jana nimejiona mwanafunzi. Doa naweza kulivumilia, shangazi. Kanzu iliyofuliwa na mwanamke mwengine siwezi.

La pili. Leo asubuhi nilikwenda Darajani kumpa Mcha kifurushi chako cha tende za futari. Akanicheka. Akasema, "Wewe Bi Wanu, kwa nini hukumpa mumeo juzi? Si alikuwa ndani ya gari langu, kwenda na kurudi?"

Nikamwuliza, "Gari lako linapita Mtoni?"

Akasema, "Mtoni kaskazini, mimi nakwenda kusini. Bwana Shaame nnamshusha karibu na mlango wa shangazi yako kila safari."

Sikujua niweke wapi uso.

Kwa hivyo mume wangu haendi Mtoni. Anakuja kwako, na wewe unanifundisha namna ya kufuta athari za huko anakotoka. Kama umemwozesha mke hapo kwenu, sema. Mimi si mtoto. Ila usiniambie tena nikamue ndimu.

Wanu binti Jecha


Sokomuhogo, Mjini
12 Mei 1955

Bi Kazija,

Salamu. Leo ni mwezi kumi na tisa Ramadhani na hujanijibu. Gari la Mcha limekuja na kuondoka mara nyingi, nami huenda kulingojea kila lifikapo.

Shaame nimemkalisha chini baada ya kufuturu. Nikamwambia najua kwamba anakwenda Makunduchi. Hakukataa. Akaweka kikombe.

"Una mke?"

"Sina mke ila wewe. Wallahi."

"Basi yuko nani kule?"

Watu wa chini walikuwa wanaosha vyombo. Akasema, "Nimetakiwa nisiseme, na aliyenitaka ana haki. Muulize shangazi yako. Akikataa yeye, nitavunja mimi na lolote liwe."

Alikuwa analia, shangazi. Mume wangu sijapata kumwona akilia, hata siku tuliyomzika mtoto wetu.

Nangoja Idi ipite. Baada ya hapo sitangoja.

Wanu


Makunduchi
3 Juni 1955

Mwanangu Wanu,

Marahaba ya barua zako zote mbili, na Idi njema iliyochelewa. Uliponyamaziwa hukupuuzwa. Nilikuwa na kiapo, na kiapo hakivunjwi kwa kalamu tu. Kulisha masikini kumi siwezi, kwa hivyo Idi ilipopita nikafunga siku tatu za kafara. Leo nimefungua, nami naandika kabla moyo haujageuka.

Mgonjwa aliyeko chumba cha nyuma ni mama yako, Biasha.

Uliambiwa alikwenda Mrima akaolewa, akakusahau. Hakuolewa. Alikaa Tanga akiishi kwa kufua nguo za watu, mpaka mguu ulipomwota donda lisilopona, ndipo akarudi Unguja. Ni mwaka juzi, baba yako yu hai. Ndugu zake mwenyewe walikuwa wamekwisha, akaja kubisha mlango wangu. Jecha alipojua alinipa msahafu nishike. Akasema mtoto wake asijue maadamu yuko mtu wa kuapa. Nikaapa. Miezi mitatu baadaye akafa, na kiapo kikabaki kwangu.

Shaame alikuja Oktoba kunisaidia paa, wewe mwenyewe ulimtuma. Akasikia mtu anaugua chumbani, akafungua pazia. Akaniambia, "Huyu ni Wanu mtupu." Tangu siku hiyo analeta dawa na pamba kutoka mjini. Doa lako ni aidini, ile dawa ya vidonda. Nguo yenye kanji inaigeuza nyeusi, isiyo na kanji inaiacha kahawia. Mafuta ya begani ni kichwa chake, maana Shaame humbeba kumtoa uani apate jua. Unywele ni wake. Kanzu ameifua yeye, amekaa juu ya kibao mguu kaunyoosha, tukimkataza. Na niliyokuandikia kuhusu ndimu na chaki ni maneno yake. Alikuwa ananisomesha, mimi naandika. Baada ya kila barua aliniuliza, "Umemwambia asichemshe?"

Shaame alitaka kukuambia tangu siku ya kwanza. Mama yako ndiye aliyemshika mkono. Alisema, "Asinione hivi. Nikipona nitakwenda kwake kwa miguu yangu." Mguu haukupona.

Sasa lililobaki ni langu, nalo sikuliapia mtu, nimelificha kwa aibu tu. Mwaka ulipokuwa na miaka mitano, baba yako alikosa kazi karibu mwaka mzima na akawa hataki watu wajue. Mama yako akawa anachukua nguo za mabaharia, anazifua kwa siri, mkapata kula. Mimi nilipita uani kwenu nikaona shati la mwanamume, kubwa, si la Jecha. Sikuuliza. Nilikwenda nikamwambia kaka yangu kwamba mkewe ana mtu. Alimwacha siku hiyo hiyo, talaka tatu, na wewe ukaletwa kwangu. Mama yako alinieleza ya nguo baada ya miaka kumi na saba, alipokuwa hawezi kusimama. Kabla ya hapo nilikuwa nalala vizuri.

Nimemaliza. Uamuzi ni wako.

Kazija


Sokomuhogo, Mjini
9 Juni 1955

Bi Kazija,

Barua yako nimeisoma mara moja.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakuuliza mama yangu yukoje. Ulikuwa unanisuka nywele na unaniambia, "Kaa sawa, kichwa usitikise." Mara zote jawabu lilikuwa hilo.

Sitakuja. Sijui nikija nitamtazama nani kwanza, na kwa jicho gani. Shaame akitaka kuja na aje. Nimemwambia kanzu zake afue mwenyewe, na anazifua.

Wanu


Makunduchi
26 Juni 1955

Wanu,

Sikuandikii kukushawishi. Donda limepanda juu ya kifundo na homa haimtoki. Nilimsomea barua yako, kwa kuwa sina tena haki ya kumficha kitu. Akasema, "Kweli, atamtazama nani." Akageukia ukutani.

Nimefikiri kwamba mimi ndiye ninayeziba mlango. Ijumaa hii nnakwenda Jambiani kwa binamu yangu, na sitarudi mpaka niitwe. Mwanakheir, jirani, atamlisha. Ufunguo uko kwake. Ukija hutanikuta.

Kazija


Sokomuhogo, Mjini
10 Julai 1955

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii nnaipeleka Jambiani kwa njia ya Mcha, naye ameapa ataishusha mkononi mwako.

Nilikuja. Jumamosi ya tarehe mbili, mimi na Shaame. Tulipofika nilimwambia abaki nje. Mwanakheir alinipa ufunguo, akaniambia, "Mbona mlango uko wazi?" Nami nilikuwa nimeushika ufunguo kama mtu anayefungua gereza.

Chumbani kiza kidogo. Alikuwa amelala kaelekea ukutani. Nikasema hodi. Nikasema, "Mimi Wanu." Akavuta kanga mpaka juu ya kichwa. Nilikuwa nimepanga maneno tangu tulipopita Tunguu, yote yakanipotea. Nikaona mguu umetoka nje ya kanga, kitambaa kimeloa na kushikana na donda. Nikachemsha maji. Nikakaa chini, nikaanza kukiroweka kitambaa taratibu.

Alivumilia muda. Kisha akasema, kutoka chini ya kanga, "Mkono wako mzito."

Nikamwambia, "Sijafundishwa."

Akafunua uso. Umemwona kila siku kwa hivyo huwezi kujua. Ana kidevu changu. Ana hata ile alama ndogo juu ya mdomo ambayo wewe ulikuwa ukiniambia ni ya kwa kina baba. Alinitazama mpaka maji yakapoa, kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema hapana. Akasema, "Basi maliza, ule. Kuna samaki chini ya kawa."

Hatukukumbatiana. Nilikula, yeye ananitazama nikila.

Baadaye nilimwuliza juu yako. Nilitaka aseme jambo baya, sikufichi. Nilitaka tuwe wawili. Nikamwambia, "Shangazi amekufanyia vile, nawe umelala kitandani mwake. Umemsamehe?"

Akajiweka sawa kwenye mto. Akasema, "Nimekaa uani kwake siku nyingi nimemchukia, naye ananiosha mguu. Alikuwa anajua nnamchukia. Alikuwa anaosha." Kisha akasema, "Siku niliyobisha hodi alinijua papo hapo, nami nilikuwa sijuliki. Alifungua. Wewe ulipoambiwa nipo, ulikaa siku ngapi?"

Ni siku ishirini na tisa tangu tarehe ya barua yako. Nilizihesabu ndani ya gari.

Tumemchukua. Mcha alimlaza kwenye ubao wa nyuma, na abiria wote wakakubali kwenda polepole. Jumatatu aliingizwa hospitali. Daktari alisema angechelewa wiki moja mguu ungekatwa kwenye goti. Sasa wamelisafisha donda na kukata vidole viwili tu, homa imetulia, na wanasema baada ya siku kumi atakuja hapa Sokomuhogo. Ngazi zetu ni ndefu. Shaame anasema atambeba, naye amemjibu kwamba atapanda mwenyewe, hata ikimchukua kutwa.

Jana aliniuliza uko wapi. Nikamwambia umekimbilia Jambiani. Akakasirika. Akasema, "Nani kamwambia akimbie? Mwambie watu wa wodini hawanijui, sina wa kuzungumza naye mambo ya zamani."

Mimi bado nina hasira, nakwambia wazi. Nyengine itaisha na nyengine sidhani. Lakini nimezoea kukukasirikia nikiwa nakuona.

Barua hii usiijibu. Panda gari uje.

Wanu